Pumzi Mpya ya Tutafika

Lori dogo la marehemu Mzee Mbwana lilikuwa na maandishi mekundu juu ya kioo cha mbele: TUTAFIKA. Watu wa Kwamsisi hawakuyasoma kama ahadi, waliyasoma kama dua. Kwenye tambarare gari ilikwenda vizuri, haina neno na mtu. Ikiona mwinuko tu, inaanza kuhema. Pale Kwedigongo, njia ya kutoka Handeni kwenda Korogwe, wapanda baiskeli walikuwa wakiidandia kwa nyuma iwavute. Wakifika katikati wanaona heri waiachie, wanaipita, na huko mbele wanageuka kuipungia mkono.

Mwenye kupungiwa alikuwa Faudhia, binti wa marehemu. Ndiye aliyekuwa dereva tangu baba yake alipoanza kuumwa mgongo, akibeba mahindi, machungwa na ng'ombe wa watu. Aliyempungia naye alimpungia. Hakuwa mwepesi wa kukasirika. Ila kaka yake Ukasha, mrithi mwenzake wa ile gari, alikuwa amechoka kupungiwa kwa niaba yake.

"Tuiuze," Ukasha alisema siku moja barazani kwa shangazi yao, Zamda. "Kuna mtu Korogwe anaitaka akaikate vyuma. Tuiuze wakati bado inaweza kujipeleka yenyewe kukatwa."

"Ikikatwa, mimi nitaendesha nini?"

"Utapumzika."

"Nimekwambia nimechoka?"

"Wewe hujachoka, mdogo wangu. Iliyochoka ni gari."

Shangazi Zamda alikuwa akimenya mihogo. "Gombaneni taratibu," alisema. "Mihogo inasikia, haitaiva."

Faudhia alikuwa na lake moyoni, na siku hiyo akalitoa. Fundi Muhsin wa Korogwe alikuwa na turbo aliyoitoa kwenye lori lililopinduka, turbo nzima, haina hata mkwaruzo. Akaeleza alivyoelezwa: moshi wa injini unapotoka unazungusha feni, feni hiyo inasukuma hewa nyingi kurudi ndani ya injini, na hewa ikiwa nyingi moto unawaka vizuri. Gari iliyokuwa ikivuta pumzi kwa pua inaanza kupuliziwa.

Ukasha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Jirani yetu si alifunga eksozi mpya? Akatuambia gari imekuwa simba. Kumbe imeongeza kunguruma tu, mbio zilezile za mbuzi. Mtu akishatengeneza gari yake, hata ukimfungia honi atakwambia inavuta."

Faudhia hakubisha, maana ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe aliwahi kubadili chujio la hewa akahisi anaruka, na siku hiyohiyo akapitwa na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa.

"Basi tupime," alisema. "Kabla na baada. Nguvu ya gari haiko kwenye mlio. Ni mzigo gani umeupandisha kimo gani, na umetumia muda gani. Mzigo uwe uleule, mlima uwe uleule, tuangalie muda."

"Na muda usipopungua?"

"Iuzwe."

"Na ukipungua?"

"Inabaki, na hutaji tena neno vyuma."

Shangazi Zamda akaweka kisu chini. "Mimi shahidi," alisema. "Atakayegeuka asile mihogo yangu."

Pale Kwedigongo kulikuwa na kipande cha barabara ya zamani, kilichoachwa lami mpya ilipopitishwa upande wa pili. Kinaanzia kwenye kalavati chini, kinapanda moja kwa moja, hakina kona, na juu kabisa kinakwenda kuungana na lami. Hapiti mtu ila mbuzi. Faudhia alichagua kupanda kutoka kalavati, gari ikianza imesimama, mpaka kwenye nguzo ya saruji iliyobaki kule juu. Mzigo akaupata kwa Moreto, mfugaji wa nyika za Handeni, rafiki wa marehemu baba yake. Moreto alikuwa ametoka mnadani na madume yake sita ambayo hayakupata mnunuzi aliyemridhisha.

"Mzigo wangu una majina," Moreto alimwambia. "Magunia hayana majina. Leo gunia hili, kesho lile, utajuaje?"

Faudhia aliliona jambo hilo lina akili. Magunia ya mahindi hubadilishana, mengine yana unyevu, mengine yamepunguzwa na panya. Dume la Moreto ni dume la Moreto. Kwa hiyo madume sita yakapandishwa, matairi yakajazwa upepo sawasawa, mafuta yakatiwa mpaka alama, na Ukasha akasimama kwenye nguzo na simu yake. Gari ikapanda ikilia kama mtu anayesukuma kabati. Ilipofika juu, Ukasha alionyesha muda, akasema kwa upole kwamba angeweza kulala kidogo. Kisha Faudhia akaipeleka gari Korogwe.

Muhsin alikuwa Msambaa wa Mpale, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko spana. "Kwetu milimani," alimwambia Faudhia huku akifungua boneti, "gari isiyo na pumzi tunaiita banda la kuku. Hili lako halina hata kuku."

"Fanya kazi, fundi. Nyinyi Wasambaa mkipanda mlima mnabebwa na maneno."

"Na nyinyi Wazigua mkiuona mnazunguka."

Kazi ilichukua muda, kwa kuwa bomba moja ilibidi lichongwe upya na mchongaji alikuwa na harusi ya dada yake. Mvua za masika zikaingia, zikanyesha, zikapumzika. Hatimaye Faudhia aliwasha gari, akakanyaga mafuta, na kutoka chini ya boneti ukatoka mluzi mwembamba, mtamu, kama birika la chai linalokaribia kuchemka. Muhsin akaruka juu na kupiga makofi. Faudhia alicheka peke yake kutoka Korogwe mpaka Kwedigongo, na kila alipoacha kucheka alikanyaga mafuta kidogo ausikie tena ule mluzi.

Siku ya kupima, kila kitu kilikuwa kama mwanzo. Upepo wa matairi uleule, mafuta mpaka alama ileile, asubuhi ileile kabla upepo haujaamka. Moreto alileta madume yake, na Faudhia akayahakikisha moja moja, yule mwenye pembe iliyovunjika, yule mwenye baka jeupe kifuani, mpaka wa sita. Akaingia kwenye usukani. Mluzi ukalia. Moyo wake ulikuwa juu kabla ya gari.

Alipofika kwenye nguzo, Ukasha alikuwa akiangalia simu kwa uso wa mtu anayesoma msiba wa mtu asiyemfahamu.

"Sema basi, kaka!"

"Imezidi."

"Imezidi mbio?"

"Imezidi muda. Imechelewa kuliko ile ya kwanza. Si sana, lakini imechelewa."

Faudhia alishuka, akaiangalia simu, akaipindua kana kwamba upande wa pili kungekuwa na habari nyingine. Ukasha naye, kwa kumstahi, hakucheka. Aliweka mkono begani mwa dada yake, na mkono huo ulimuuma Faudhia kuliko kucheka.

Waliyashusha madume. Wa mwisho, yule mwenye pembe iliyovunjika, aligoma kutoka kwenye ubao wa kushukia. Akasimama, akatanua miguu ya nyuma, akaanza kukojoa. Wakamsubiri. Akaendelea. Ukasha akatoa njugu mfukoni akala. Dume likaendelea, maji yakateremka kwenye ubao, yakachora mfereji kwenye vumbi, yakaelekea kalavatini. Shangazi Zamda, aliyekuja kushuhudia, akasema, "Subhanallah, huyu amemeza mto."

Faudhia akamtazama yule dume. Akawatazama wenzake, ambao sasa walikuwa wameuona mfano mwema na kuufuata. Kisha akamtazama Moreto.

"Moreto. Leo wamekunywa maji?"

"Ee, dada. Wamekunywa. Lambo limejaa, wamekunywa mpaka wakasema basi. Mnyama hapandi safari na kiu, ni vibaya."

"Na ile mara ya kwanza?"

"Ile mara ya kwanza lambo lilikuwa udongo. Wangekunywa nini? Na walikuwa wametembea mpaka mnadani na kurudi."

"Na majani?"

Moreto akatabasamu kwa fahari ya mwenye mifugo. Akampiga dume ubavuni, na ubavu ukatoa sauti ya ngoma iliyofungwa vizuri. "Huyu? Huyu mara ile ulikuwa unahesabu mbavu zake kutoka barabarani. Sasa tafuta hata moja."

Faudhia alikaa chini, papo hapo, karibu kabisa na ule mfereji, akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Alikuwa ameupima mzigo kwa sura na majina! Madume yaleyale, naam, lakini yale ya kwanza yalikuwa ngozi na pembe, na haya ya leo yalikuwa madume pamoja na lambo zima na malisho ya mwezi.

"Visingizio," alisema Ukasha. "Umeshindwa, sasa unamsingizia ng'ombe mkojo."

"Kaka, uliuona!"

"Niliuona. Hata mimi sikatai kwamba ni mwingi. Lakini tukubaliane vipi? Labda gari ina nguvu, labda haina. Huwezi kuwarudisha hawa wakakonde. Na injini umeshaibadilisha. Hiyo kabla yako imeshapita, Fau. Kabla hairudi."

Hapo alisema neno zito, na Faudhia, ambaye hakuwa na tabia ya kulikataa neno kwa sababu tu limesemwa na mpinzani, alilibeba kichwani mpaka Korogwe.

Muhsin alilisikiliza akiwa amelala chini ya gari ya mtu. Mwanzoni aliguswa na habari ya mkojo, akacheka mpaka akagonga kichwa. Kisha ikatoka sauti yake kutoka chini. "Inarudi."

"Nini?"

"Kabla. Inarudi. Ile turbo ina kijimlango cha pembeni. Nikikishikilia kwa waya kikabaki wazi, moshi unapita pembeni, feni inalala, injini inavuta pumzi yake ya zamani. Nikikata waya, feni inaamka. Nikitaka kabla, nafunga waya. Nikitaka baada, nakata. Hata mara kumi kwa asubuhi moja."

Faudhia akamvuta kwa miguu kutoka chini ya gari ili amshike mkono.

Walirudi kwa shangazi kupanga. Mzigo safari hii ungekuwa mapipa ya maji yaliyojazwa pomoni na kufungwa vifuniko. Ukasha alichunguza kila kitu kwa makini, maana naye alikuwa mtu wa haki, ila hakupenda kushindwa kwa uzembe.

"Nani ataendesha?" aliuliza.

"Wewe," alisema Faudhia. "Nikiendesha mimi utasema nimekanyaga mafuta zaidi."

"Nami nikiendesha utasema nimebana mguu."

"Ndiyo maana hutaambiwa. Muhsin atafunga waya au ataukata, boneti itafungwa, nawe utakanyaga mpaka chini bila kujua uko kwenye kabla au kwenye baada. Moreto atakuwa juu na simu, naye hajui. Mimi nitakuwa chini natoa amri, nami sijui. Anayejua ni Muhsin peke yake, na Muhsin atakaa nyuma ya kichuguu, tusimwone hata uso."

"Uso wangu una kosa gani?" aliuliza Muhsin.

"Hauwezi kutunza siri."

Ukasha akafikiri. Kisha akainua kidole. "Kuna mluzi. Nikisikia mluzi nitajua."

Kweli. Pamba masikioni, mmoja akasema. Wakajaribu, na mluzi ulipenya pamba kama sindano. Wakajaribu redio, lakini spika ya Tutafika ilikuwa ya zamani kuliko redio yenyewe. Ndipo Shangazi Zamda, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka chini ungo wake.

"Mnahitaji kelele?" aliuliza. "Na mlikuwa mnazunguka wapi siku zote?"

Asubuhi ya siku iliyofuata, gari ilikuwa kwenye kalavati la Kwedigongo na mapipa nyuma. Kwenye kiti cha mbele, ubavuni mwa Ukasha, walikaa Shangazi Zamda na jirani yake Yusra, mwanamke mnene mwenye sauti iliyokuwa ikiitwa harusini hata na watu wasiompenda. Ukasha alikuwa na pamba masikioni, na vioo vya pembeni vilikuwa vimekunjwa asiuone moshi. Faudhia aliweka masharti. Hakuna kushuka. Hakuna kunywa chai. Hakuna kula.

"Hata karanga?" aliuliza Yusra.

"Hata karanga, shoga. Nimeshaumizwa na vinywaji."

Muhsin alirusha kizibo cha soda nyuma ya kichuguu. Kilivyoanguka ndivyo alivyoamua kufunga waya au kuukata. Aliinama kwenye boneti, akaifunga, akakimbilia kujificha kama mwenye deni.

"Moreto, uko tayari?" Faudhia aliuliza kwenye simu.

"Niko na nguzo."

"Imbeni!"

Wakaimba. Ulikuwa wimbo wa kumtania bwana harusi aliyekuja kuoa amevaa viatu vya kuazima. Vigelegele vya Yusra vilimfanya Ukasha ajikunyate kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Twende!" Faudhia akashusha kanga yake.

Tutafika ikapanda. Mbuzi walitoka njiani, wakasimama kutazama. Kutoka chini kilichosikika kilikuwa wimbo tu, ukififia kuelekea juu, kisha sauti ya Moreto kwenye simu: "Imepita." Gari ikateremka, Muhsin akarusha kizibo, boneti ikafungwa, wakaanza upya. Safari ya tatu bwana harusi alikuwa ameazima na suruali. Ya nne, ameazima na mashahidi. Wapita njia wawili wa Kerenge, waliokuwa wakienda Handeni kwa pikipiki, walisimama kule juu kumuuliza Moreto kama ni harusi. Aliwajibu kuwa ni vipimo, wakasema basi wanasubiri wali wa vipimo. Ilipofika safari ya sita Ukasha mwenyewe alikuwa akiitikia, na Faudhia alikuwa anacheza kwenye kalavati bila kujua anacheza ushindi au matanga.

Kisha ikabidi kujua. Moreto aliteremka mlimani kwa hatua zake ndefu. Ukasha alizima gari, akatoa pamba, akashuka akiwa ameloa jasho.

"Kabla hamjasema," alisema, "mimi nina langu. Safari ya pili na ya tano ndizo zilizokuwa na turbo. Nimezisikia mgongoni."

"Moreto," alisema Faudhia. "Tuambie."

Moreto hakuandika popote. Alikuwa na kichwa kinachohifadhi ng'ombe wa babu yake mpaka leo. Alitaja muda wa kila safari, na alipomaliza kila mtu aliona hata bila kupiga hesabu kwamba safari zile zilikuwa makundi mawili, na kati ya makundi hayo palikuwa na pengo la kupitisha mkokoteni. Tatu zilikuwa ndefu na kufanana. Tatu zilikuwa fupi, nazo zikifanana.

"Fupi ni zipi?" Faudhia aliuliza.

"Ya kwanza, ya tatu na ya sita."

Wote wakamgeukia Muhsin, aliyekuwa ametoka nyuma ya kichuguu na uso wake ukiwa tayari umeshasema kila kitu, kama ilivyohofiwa.

"Ya kwanza," alisema, "nilikata waya. Ya pili nikafunga. Ya tatu nikakata..." Hakumaliza. Faudhia alikuwa amemrukia shingoni Shangazi Zamda kupitia dirisha la gari, na Yusra alipiga kigelegele ambacho hakikuhitajika tena kwa kazi yoyote.

Ukasha alisimama palepale. "Mgongo wangu ulisema ya pili na ya tano," alisema polepole.

"Mgongo wako haukukosea peke yake," Faudhia alimwambia. "Mimi nilitoka Korogwe nikicheka mluzi, nikidhani nacheka nguvu. Sote tuliuamini mgongo."

Kaka yake akamtazama, akatazama gari, akajikuna kidevu. Faudhia alingoja. Alimjua Ukasha: kukubali kwake kulikuwa kama kuzaa kwa tembo, hakuharakishwi.

"Sijausikia," Ukasha alisema mwishowe.

"Nini?"

"Mluzi. Asubuhi nzima mmenizibisha pamba na mashairi ya viatu. Nipandishe mara moja tu, bila pamba, nao wanyamaze. Nisikie ninachokubali."

Muhsin akahakikisha waya umekatwa. Ukasha akaingia, akakunjua vioo, akawasha. Kina mama walikatazwa kuimba, wakaziba midomo yao kwa ncha za kanga, mabega yakiwatikisika. Gari ikaanza kupanda. Safari hii mluzi ulisikika mpaka kalavatini, mwembamba, unaopanda na mlima, na juu yake, kabla ya nusu ya njia, sauti ya mwanamume mzima akipiga kelele za furaha kama aliyeona mvua.

Tutafika ikaipita nguzo. Haikusimama. Ikapotea upande wa pili, kwenye lami.

"Anageuza," alisema Muhsin.

Walingoja. Mbuzi walirudi njiani, wakalala. Moreto aliegemea fimbo yake kwa mguu mmoja. Faudhia alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena, ikaita. Na mara ya tatu simu yake mwenyewe ikalia.

"Kaka! Uko wapi?"

"Nimesimama Sindeni. Shangazi anataka maandazi, anasema masharti yamekwisha." Nyuma yake watu walikuwa wakicheka, na Yusra alikuwa ameanza upya habari za bwana harusi. "Fau, yule mnunuzi wa vyuma amenipigia sasa hivi."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia aje nimpandishe mlima."

"Ili anunue?"

"Anunue nini?" Ukasha alisema, kama aliyetukanwa. "Ili asikie!"

Simu ikakatika. Faudhia aliwageukia wenzake wawili waliokuwa wakimtazama kwa macho ya kuuliza, akafungua mdomo awaeleze, akashindwa kwa kicheko. Akaonyesha tu kwa mkono kule juu, barabara iliyo tupu. Kisha akajifunga kanga kiunoni, maana ilikuwa dhahiri kwamba usafiri wao hautarudi leo, wakaanza kuupanda mwinuko kwa miguu, Muhsin akihema mbele kabla hata hawajafika robo.

"Fundi," Moreto alimwambia, "huko kwenu Mpale ulikuwa unabebwa?"